Pigo la Nne

Shule iliyo nyuma ya nyumba yangu ni kubwa mpaka kengele yake inatembea. Sisemi kwa utani. Kengele ya shaba iliyo mbele ya ofisi ikigongwa, husikika mpaka madarasa ya tano, basi, inaishia hapo, imechoka. Hapo yupo mtu wa kuipokea kwa kugonga rimu ya gari. Rimu inasikika mpaka jikoni, na jikoni wanapokea kwa kupiga mtungi mtupu wa gesi. Mtungi unafika mtaroni. Na ng'ambo ya mtaro, kule walikobanwa watoto wadogo, kuna kipande cha springi ya lori kinachomalizia safari. Kwa hiyo wa mbele wanakuwa wamekwisha kukaa na kufungua madaftari wakati wale wa Ng'ambo bado wanakimbizana. Mwalimu mmoja wa huko aliwahi kuniambia, nikimshonea kiatu, kwamba wao wana saa yao. Nikamjibu, mwalimu, hata sisi wanyonge tuna saa yetu, ila yetu haigongwi.

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kimeegemea ukuta wa shule upande huo huo wa Ng'ambo, na chumba changu kiko ubavuni mwa kibanda. Nikipiga chafya, darasa la kwanza wananiitikia "afya, babu!" Lakini nikitaka kuingia humo kwa halali, sharti niuzunguke ukuta wote mpaka lango kuu, safari ya kutosha kumaliza soli. Zamani palikuwa na kilango hapa nyuma. Wakubwa wakaamua kukiziba. Waliamua wakiwa wamekaa kwenye viti; anayetembea hakuulizwa.

Mke wangu alikuwa mhudumu kule Ng'ambo. Kazi yake ilikuwa kufagia, kupiga deki, kufuta makamasi ya watoto ambao si wake, na kugonga kile chuma. Alikuwa na namna yake. Mapigo matatu mazito: ngaa, ngaa, ngaa. Kisha kimya kidogo, unadhani kwisha, halafu la nne, jepesi, kama mtu aliyekumbuka neno akiwa amefika mlangoni: ti. Na nyumbani alikuwa vile vile. Akimaliza kukoroga mboga, mwiko ulikuwa unagonga ukingo wa sufuria mara tatu, kisha mara moja, ti. Nikawa namtania kwamba shuleni anapika na nyumbani anagonga kengele. Nilisadiki kabisa kwamba mkono wake ndivyo ulivyoumbwa.

Alipougua aliomba mapumziko. Ofisini wakamwambia atafute kwanza wa kumshikia zamu. Mgonjwa amtafute mzima! Akaenda kazini hivyo hivyo, ufagio ameushika kama mkongojo, mpaka asubuhi ambayo hakuinuka. Msibani walileta maua na hotuba. Hotuba ilisema alikuwa nguzo ya shule. Ni kweli, nguzo haiulizwi kama imechoka.

Baada ya hapo Ng'ambo ikawa bubu. Watoto waliitwa kwa filimbi kali kama ya refa, na mimi nikashukuru, maana sikutaka kusikia mtu mwingine akigonga kile chuma. Halafu asubuhi moja natia uzi kwenye sindano, nikasikia: ngaa, ngaa, ngaa. Nikasema sawa, wamepata mtu. Nikainamia kiatu.

Ti.

Sindano ilinizamia kidoleni.

Mimi si mtu wa mizimu. Mizimu ingekuwepo ingeanzia ofisini. Lakini nani? Nani kaushika mkono wa mke wangu, na kajifunzia wapi? Mchana nikatega sikio tena. Ti. Kesho yake, ti. Nikawa kama mtu mwenye uzi wa nyama katikati ya meno, ulimi hautulii.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ndiye anayenipikia siku hizi, na kila sahani ya chakula anaisindikiza na maneno yake.

"Shemeji, umekuwa jogoo? Kila kengele ikilia unainua shingo."

"Nani anayegonga huko?"

"Mwenye mkono."

"Anagonga kama dada yako."

Akaweka sahani chini. "Basi nenda ukaulize. Ukuta hauna mdomo."

Nikajaza gunia viatu vilivyokuwa tayari, nikazunguka mpaka lango kuu. Pale yupo mlinzi ambaye watoto wanamwita Kufuli, na jina limemkaa kuliko sare yake.

"Mzee, na gunia! Unahamia?"

"Viatu vya watoto."

"Watoto gani?"

"Wenye miguu."

"Humu wenye miguu ni wengi kuliko siafu. Taja darasa."

"Ng'ambo."

Akapiga mluzi. "Ng'ambo! Mimi nafungua na kufunga hapa tangu ndevu zako zikiwa nyeusi, na huko sijafika. Haya pita. Ukifika unisalimie."

Nilikuwa sijawahi kupita humo ndani masomo yakiendelea. Hata mke alipokuwa hai, nilimsindikiza kwa sikio tu. Basi nikaanza kushangaa kama mgeni sokoni. Kwanza zamu: wa asubuhi wako madarasani, na wa mchana tayari wamekwisha kujipanga kivulini chini ya ukuta, wakisubiri viti vya wenzao vipoe. Kwenye ukumbi niliona madarasa mawili yakigawana ubao mmoja uliosimamishwa katikati, huku hesabu, kule sayansi. Mwalimu wa hesabu akifuta kwa nguvu, ubao unampiga kikumbo yule wa sayansi, naye anasema "pole pole, jirani," bila hata kugeuka. Watoto walikuwa wanakwenda chooni kwa mnyororo, kila mmoja kashika pindo la shati la aliye mbele, kwa sababu aliyepotea mwaka huo, niliambiwa, alisomea darasa lisilo lake mpaka likizo, tena akafaulu.

Lakini kilichonisimamisha kilikuwa bombani. Foleni ya maji ilikuwa ndefu, imenyooka, na haikuwa na mtu hata mmoja. Ilikuwa foleni ya viatu. Kila mtoto kavua kiatu kimoja, kakiweka kwenye mstari, kaenda zake kucheza na mguu mmoja mtupu. Foleni ikisogea, aliye karibu anasukuma vyote kwa fimbo. Nikacheka peke yangu. Miaka yote nimekuwa nikijiuliza kwa nini viatu vya shule hii huja kwangu kimoja kimechakaa soli na mwenzake amepauka juu kwa jua. Kumbe kimoja kinasimama foleni.

Nikafika mtaroni. Kuna daraja la mbao, na darajani alikuwepo mwalimu wa zamu.

"Masomo yanaendelea, baba. Wageni hawavuki."

"Mimi si mgeni. Nalala hapo nyuma ya ukuta."

"Basi umekwisha kufika nyumbani. Ngoja hapo hapo."

Ndivyo wanavyofundishwa kujibu. Nikangoja. Toka pale daraja lilipo, unaona kona ya darasa la kwanza, lakini baraza lenyewe, ambako chuma kinaning'inia, limejificha nyuma ya kona. Mara akatoka mwanamke wa makamo, ndoo kichwani na nyingine mkononi, akaja kuchota kwenye bomba la upande wa pili wa mtaro. Watoto waliokuwa dirishani wakaimba, "Mama Ndoo! Mama Ndoo!" naye akawatishia kwa kata.

Nikamwita kutoka upande wangu. "Mama! Wewe ndiye unayegonga chuma?"

"Ndiyo, baba. Kuna ubaya?"

"Nani alikufundisha?"

"Kugonga chuma kunafundishwa?"

"Ulimfahamu mama aliyekuwepo kabla yako?"

"Namsikia tu. Mimi nimetoka mbali, sikumkuta."

"Sasa lile la nne umelijulia wapi?"

Akashusha ndoo. "La nne lipi?"

"Unagonga matatu, halafu moja dogo."

"Baba yangu, mimi nimeambiwa matatu, nagonga matatu. Hilo la nne la nani, la bibi yangu?"

Kabla sijamjibu mtungi wa jikoni ukalia nyuma yetu. Mama Ndoo akaacha maji yakimwagika, akakimbilia kule nyuma ya kona. Nikakaza macho. Nikaona nondo ikiinuka juu ya kona, ikashuka: ngaa. Ikainuka: ngaa. Ikainuka: ngaa. Kisha yeye mwenyewe akatokeza, mikono mitupu, anaifuata ndoo yake. Nondo kaiacha huko huko.

Ti.

"Umesikia?" nikapiga kelele. "Umesikia hilo?"

"Mwangwi huo, baba!" Akafunga bomba. "Usisumbuke nao, hautakuwepo. Wanaleta vipaza sauti shule nzima. Vyuma vyote vinakwenda kwa watu wa chuma chakavu."

Nilirudi nyumbani nimebeba gunia lile lile la viatu, sikukumbuka kumpa mtu hata kimoja. Njiani nikawa nafikiri kwa akili ya kazi yangu. Kiatu kikivaliwa na mtu mmoja miaka mingi kinashika mguu wake. Mtu mwingine akikivaa kinamtembeza kwa mwendo wa mwenyewe; nimeona mtoto akichechemea kwa kurithi kiatu cha kaka mwenye kilema. Nikasema basi na chuma ni hivyo. Mke wangu kakigonga mpaka kimezoea. Anayegonga sasa anatoa matatu yake, na chuma kinamalizia lile la mke wangu. Sauti yake imebaki humo, na watu hawa, waliommaliza mwenyewe, sasa wanataka kuiuza kwa kilo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa ofisini kwa Mkuu. Mkuu wa shule ile ni mwanamke mwembamba wa mwili, mnene wa sauti. Nilikuwa nimeandaa maneno usiku, kikapu kizima: la kilango kilichozibwa, la mgonjwa kutafuta mzima, la nguzo. Nikaanza na dogo.

"Nimekuja kwa ajili ya chuma cha Ng'ambo. Alichokuwa anagonga mke wangu. Nasikia mnakiuza."

"Unakitaka?"

"Nakitaka."

"Kichukue, baba. Leo watoto wakishatoka. Kesho vipaza vinaanza, hakina kazi tena."

"Nichukue tu?"

"Chukua tu." Na akainama kwenye karatasi zake, nyuma yangu kuna walimu wawili wanasubiri na mtoto mmoja anatoka damu puani.

Nikabaki nimesimama. Ugomvi nilioubeba tangu msibani ulikuwa mikononi kama mzigo ambao mwenyewe kakataa kuupokea. Hata kugombana vizuri hawajui, watu hawa.

Alasiri, Ng'ambo ilipokuwa imebaki vumbi na maganda ya penseli, nikavuka daraja bila kuulizwa. Nikakiona chuma kwa mara ya kwanza kwa karibu: kipande kirefu kidogo, kimepinda kama unyusi, kimening'inizwa kwenye boriti ya baraza kwa nyaya mbili, karibu na nguzo ya baraza, ambayo ni bomba la chuma. Waya mmoja mrefu, mwingine mfupi. Kimekaa upande kama kofia ya mlevi. Nikaguna. Kazi ya fundi wa shule hiyo, hata kutundika wameshindwa. Nikatoa koleo, nikakata nyaya zote mbili, nikakitia begani, na nondo yake nikaichukua.

Langoni Kufuli akanitazama kwa chati. "Jana viatu, leo springi. Kesho utatoka na usukani, keshokutwa tunaliona lori."

Nyumbani nikakitundika kwenye boriti ya kibanda. Nilitafuta nyaya mpya, nikazipima, nikazinyoosha, kikatulia sawa kama mizani. Shemeji alikuwa amekuja na chakula cha jioni, akasimama na sahani mkononi.

Ngaa. Ngaa. Ngaa.

Nikangoja.

"Mbona kimenyamaza?" akauliza.

"Ngoja."

Ngaa, ngaa, ngaa. Nikashikilia pumzi. Chuma kilicheza kidogo hewani, kikatulia. Hakuna. Nikagonga kwa upole, nikagonga kwa nguvu, nikagonga kwa mkono wa kushoto. Jirani kinyozi akachungulia kuuliza kama kuna moto.

"Labda kinaona haya ugenini," akasema shemeji.

"Usicheke. Hiki chuma kimeshika mkono wa dada yako. Kila siku nilikuwa namsikia humu. Lile la mwisho, ni la kwake. Hata mwiko wake ulikuwa hivyo, si unajua?"

Shemeji akaweka sahani juu ya benchi, katikati ya misumari, na kicheko kikamtoka taratibu.

"Mwiko? Kwetu dada hakugonga mwiko hata siku moja. Mama angemkata mkono! Sufuria ya watu unaipigaje hivyo? Mwiko kauanza baada ya kupata kazi Ng'ambo. Mimi ndiye niliyemwuliza. Akaniambia kile chuma kimemharibu sikio, kitu kikigongwa mara tatu anaona hakijaisha."

"Alisema hivyo?"

"Mbele yangu. Umekaa naye miaka yote, hukumwuliza?"

Sikumwuliza. Mtu haulizi kile anachodhani anakijua. Nikaketi. Kumbe mkono haukwenda na la nne shuleni. Ulirudi nalo kutoka shuleni. Basi kule lilitoka wapi? Kwenye mkono wake halikuwemo. Kwenye chuma halimo, chuma hiki hapa, bubu kama kamati. Nililala na swali hilo, na nakiri, badala ya kulia nilikuwa nataka kujua.

Kulipokucha vipaza sauti vikaanza. Kutoka mbali ilisikika sauti ya mtu aliyemeza pipa, na baada yake mlio wa kama ndege anayechunwa. Huku Ng'ambo, kimya. Nikafikiri labda bado wanajaribu. Mchana, saa ya zamu kupokezana, likalia lile pipa tena huko mbele. Ng'ambo kimya. Kisha nikaanza kusikia nyuma ya ukuta kelele ambazo sijapata kuzisikia: watoto wa mchana wanaingia na wa asubuhi hawatoki. Kuna aliyelia, kuna mwalimu aliyepiga kelele, kuna dawati lililoanguka.

Nikakata nyaya zangu nzuri, chuma begani, nondo kwapani, nikazunguka ukuta karibu mbio. Kufuli hakutania. Alikuwa ameshika lango wazi kwa mgongo.

"Pita, mzee, pita! Huko kwako watu wamepandana."

Waya wa vipaza ulikuwa umeishia mtaroni. Fundi aliyeletwa kasema atamalizia kesho, Mkuu kaambiwa kazi imekwisha, na Mkuu akaamini, maana wakubwa huambiwa na hawaendi kuona. Kwenye darasa la kwanza nilikuta dawati moja lina watoto wanne, wawili wa asubuhi na madaftari yao wamekumbatia, wawili wa mchana wamekalia mapaja ya wenzao. Mwalimu wao, bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa amekauka sauti.

"Nimewaambia waende, wanasema haijalia. Nimepuliza filimbi, wanasema hiyo ni ya mpira!"

"Haijalia kweli," akasema binti mdogo wa mstari wa mbele, kiti kakishika kwa mikono miwili. "Mama kaniambia nisitoke kabla haijalia."

Mama Ndoo akavuta dawati mpaka barazani, tukalipanda mimi na yeye. Nikakitundika chuma kama kwangu, sawa sawa. Akagonga. Ngaa, ngaa, ngaa. Ng'ambo nzima ikanyamaza. Vichwa vikajaa madirishani. Na hakuna aliyeinuka.

"Bado!" wakasema, kama waliopangwa.

"Haijaisha, babu," akanieleza yule binti, kwa huruma, kama anayeongea na mtoto.

Si mimi peke yangu niliyelingoja la nne. Miaka yote hiyo nilidhani pigo lile ni langu na mke wangu, kumbe ni la watoto hawa wote pia.

"Kilikuwa hakikai hivyo," akasema bibi mwalimu, akisogeza miwani. "Kilikaa upande. Alikitundika marehemu mama mwenyewe. Ofisini alikuwa akiomba fundi wakimwambia kesho, kesho; siku moja akapanda juu ya dawati kama nyinyi hivi, mimi nimemshika miguu. Nikamwambia kimekwenda upande. Akakigonga, akasikiliza, akacheka. Akakigonga tena. Halafu akashuka, akasema kiache."

"Alikitundika yeye?"

"Kwa waya wa uzio. Vidole vilimtoka damu."

Nami nilizikata nyaya hizo kwa koleo, nikiguna.

Mama Ndoo alikuwa ameinama kwenye nguzo ya bomba. "Hapa," akasema. "Mahali hapa pamekwanguka rangi. Kila siku nafuta, kila siku panang'aa. Nilidhani ni watoto."

Nikapashika. Palikuwa kidogo, pa kutosha ncha ya kidole, palaini kama kisigino cha kiatu cha zamani. Nikatazama mkia wa chuma, nikaona nao una mahali panapong'aa. Nikaelewa. Chuma kilichokaa upande hakitulii kikigongwa. Kinazunguka, kinakwenda, na kikirudi mkia wake unaigusa nguzo. Mara moja. Kidogo tu.

Nikaurefusha waya mmoja. Ngaa, ngaa, ngaa, kla!

Watoto wakaangua kicheko. "Hiyo ya mlango!"

Nikaufupisha. Ngaa, ngaa, ngaa, na hakuna.

"Bado!"

Mwingine akasema kishushwe, mwingine kipandishwe, darasa la pili nao wakatoa shauri dirishani, ikawa kikao ambacho kila mjumbe ana akili. Waya ulinichana kidole gumba. Nikausokota upande aliousokota yeye, kwa sababu kwenye boriti alama ya waya wake ilikuwa bado imeuma mbao. Nikaufuata mle mle kwenye mfereji wake, nusu zungusho zaidi ya ambavyo ningefanya mimi. Nikamwambia Mama Ndoo agonge.

Ngaa. Ngaa. Ngaa.

Hata aliyekuwa analia alinyamaza.

Ti.

Ng'ambo nzima ikasimama kwa mpigo mmoja. Hakuna aliyeshangilia, hakuna aliyenishukuru. Walichukua madaftari, wakashika pindo za mashati, wakatoka. Wa mchana wakakaa. Yule binti aliponipita akasema, "Sasa ndiyo." Basi.

Mkuu alifika wakati watoto wa mwisho walipokuwa wanavuka daraja, tope limemfika kwenye visigino. Nafikiri alikuwa hajafika Ng'ambo siku nyingi, maana alitazama huku na huku kama nilivyotazama mimi kwenye foleni ya viatu. Kisha akatazama juu.

"Baba, umetusaidia. Ila hicho kimekaa upande. Nitamtuma fundi akinyooshe."

Nikashuka kwenye dawati. Kile kikapu cha maneno kilikuwa bado ninacho, lakini likatoka moja tu.

"Mke wangu aliomba fundi kwenu akaambiwa kesho. Akaomba kupumzika akaambiwa atafute mzima. Hiki kakitundika mwenyewe. Mkimleta fundi leo, Mkuu, atanikuta nimekaa hapa."

Mama Ndoo akajifanya anakamua tambara kavu. Mkuu alinitazama, akaitazama nguzo, akanitazama tena. Hakusema samahani, wakubwa hawatembei na neno hilo. Akamgeukia bibi mwalimu, na ile sauti yake nene.

"Kisinyooshwe. Mtu yeyote asikiguse."

Kwa mara ya kwanza niliona amri ya ofisi ile ikinisaidia, na bado sijaizoea.

Waya wa vipaza ulivushwa mtaro baadaye. Siku hizi pipa linanguruma mpaka Ng'ambo, tena karibu na dirisha langu. Likinguruma watoto hawainuki. Wanangoja. Mama Ndoo anatoka na nondo, na mwalimu wa zamu anasema ni utaratibu wa muda. Sawa. Na kilango changu bado kimezibwa.

Mimi nikisikia la kwanza naishusha sindano mpaka yote yapite. Sasa najua ni nini: ni mkia wa springi na nguzo ya bomba. Najua, na bado naishusha. Jana mteja aliniletea kisigino kilicholegea, nikamgongelea msumari. Ukaingia wote kwa mapigo matatu. Akanyoosha mkono apokee kiatu chake.

"Fundi, msumari si umekwisha kuingia? Sasa unagonga nini tena?"

Nikamwambia vaa kiatu chako uende.